Dawa Imeshika

"Weye uliyesoma, hebu nambie: mbona kila nikijipaka nawashwa zaidi?"

Rukia aliniuliza hivyo jikoni kwa mamake, Kisauni, mikono yake yote miwili imezama katika beseni la maji, nami nimesimama juu ya chapati inayoungua. Mwaka ule nilikuwa na majibu mengi ya mambo ambayo hakuna aliyeniuliza, lakini la hilo sikuwa nalo, na nilipolikosa nilikasirika. Nilimkasirikia mamake, nikamkasirikia mwenye duka, nikaikasirikia na chapati. Mwezi uliopita nilikwenda Junda kwenye harusi ya mjukuu wake, na Rukia, ambaye sasa hutembea kwa kushika ukuta, alinikalisha kitandani kando yake, akanitazama vile vile alivyonitazama siku ya beseni, akasema, "Lile swali langu unalo bado?" Nikamwambia ninalo. Alicheka mpaka akakohoa. Chumba cha pili wasichana walikuwa wakimwimbia bi harusi, na harufu ya hina ilitufikia kupitia pazia, na mimi, mtu mzima mwenye wajukuu, nikahisi hasira za mwaka ule zikinipanda upya kana kwamba zilikuwa zimeningoja mlangoni.

Ulikuwa mwaka wa kungojea. Mimi nilikuwa nimemaliza skuli na nikingojea kuitwa chuoni Kampala. Rukia, binti wa shangazi yangu, alikuwa amechumbiwa akingojea harusi. Nchi nayo ilikuwa ikingojea bendera. Tulilala chumba kimoja, mimi na Rukia, kwenye samadari moja iliyolia kila tulipogeuka, na dirisha letu lilitazama baraza ya duka la Bwana Omari, ambapo wanaume walikunywa kahawa kila alasiri wakibishana kama Mwambao ukae peke yake au uungane na bara. Tuliyasikia yote. Walipima kila neno la kila mkutano, nani alisema nini na alikusudia nini, na aliyesema bila ushahidi alizomewa. Kisha mmoja wao, akijikuna shingo, aliingia dukani, akanunua tyubu ya kitu asichokijua jina, akajipaka hapo hapo mbele ya wenzake, akaendelea kubishana. Hakuna aliyemzomea. Mimi dirishani nilitaka kupiga kelele.

Mchumba wa Rukia aliitwa Salim, karani wa bandarini, mtu wa Mtongwe. Rukia alikuwa amemwona mara moja tu kwa macho yake, kwenye feri ya Likoni, akimpisha bibi mmoja mwenye kikapu, na mara nyingi kwa maneno ya watu, na alimtaka. Nalisema hili mapema kwa sababu siku hizi watu husimulia harusi za zamani kana kwamba wasichana wote walipelekwa kwa kamba. Rukia alimtaka Salim. Usiku aliniuliza kama makarani huandika kwa mkono wa kulia au wa kushoto, swali lisilo na maana yoyote ila kutaja makarani.

Mwasho ulianza baada ya Idi. Wakati wa Idi tulipakwa hina sote wawili, na kwa kuwa Rukia alikuwa mchumba wa mtu, mpaka hina, mwanamke mwenye kazi hiyo, akamfanyia maua meusi. Zamani weusi ule ulipatikana kwa chokaa na chumvi ya nushadiri, na kukaa macho usiku kucha na mikono imefungwa vitambaa. Lakini mwaka ule kulikuwa na unga mpya, rangi ya nywele ambayo wazee wa kiume waliifichia mvi za ndevu, na wanawake waligundua kwamba ukiutia kidogo ndani ya hina, maua huwa meusi kama wino kabla chai haijapoa. Kila mtu alifurahi. Mimi nilipakwa chembe tu vidoleni, Rukia alipakwa mpaka kwenye viwiko. Siku chache baadaye akaanza kujikuna migongo ya mikono, polepole kwanza, kama mtu anayefikiri, kisha kwa kucha.

Hakuna aliyeitazama hina. Hina ni baridi. Hivyo ndivyo tulivyolelewa. Hina huondoa joto la kichwa, hupoza nyayo, huwekwa penye kuungua. Shangazi alilaumu samaki, akakataza pweza na kamba, tukala mbaazi na mahamri asubuhi na mbaazi na wali jioni mpaka mjomba, mumewe, akauliza kama kuna msiba. Vipele havikuondoka. Ndipo Shangazi akanituma kwa Bwana Omari kununua marhamu ya ganzi.

Iliitwa hivyo tu, ganzi, kwa sababu ukiipaka ngozi hufa ganzi kwa muda na mwasho hunyamaza. Bwana Omari aliiuza baina ya mafuta ya taa na sukari. Tyubu aliziuza uchi; vijisanduku vyake alivipanga rafuni vitupu, safu kwa safu, ili duka lionekane lina mali.

"Bwana Omari, shikamoo. Hii ina nini ndani?"

"Marahaba. Ina dawa."

"Dawa gani?"

"Ya kuwashwa."

"Hilo najua. Nauliza imetengenezwa na nini."

Aliniinamia juu ya mizani. "Binti, wataka kununua ama wataka kufungua kiwanda?"

Barazani wakaangua kicheko. "Huyo ndiye wa Kampala," alisema mmoja. "Akirudi atatuuliza unga una nini."

"Atauliza maji yana nini!"

"Maji yana mkono wa serikali," alisema wa tatu, na papo hapo wakarudi kwenye siasa, nami nimesimama na tyubu mkononi, uso unawaka. Nilisema nataka na kijisanduku. Bwana Omari akasema kijisanduku si cha kuuzwa. Nikasema sikinunui, nakitaka kwa sababu ni cha hii. Akaninyima. Nilirudi siku ya pili, na ya tatu, mpaka alipochoka nami akanitupia kimoja juu ya kaunta kama anayemtupia paka kichwa cha samaki. Ndani mlikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nyingi, ya Kiingereza, herufi ndogo kama mayai ya chawa.

Niliwasomea jikoni, nikitafsiri mstari kwa mstari, na ninakumbuka jinsi nilivyojisikia mkubwa. Paka kidogo, safu nyembamba. Usipake penye jeraha wala penye ngozi iliyochubuka. Usipake karibu na macho. Usiitumie siku nyingi mfululizo. Wekundu au mwasho ukizidi, acha mara moja, umwone daktari. Hapo nikanyamaza ili maneno yawaingie. Rukia alikuwa ameketi juu ya mbuzi ya kukunia nazi, mikono imempasuka baina ya vidole, imewamba, inang'aa kwa marhamu aliyopakwa asubuhi kwa unene wa siagi. Mama Kadzo, jirani yetu, Mkristo kutoka upande wa Rabai, ambaye alikuwa ameleta mihogo na hakuwa na haraka ya kuondoka, aliguna.

"Mwasho ukizidi, acha," nilirudia. "Na umezidi. Shangazi, si umezidi?"

"Hauzidi," Shangazi alisema. "Dawa imeshika."

Neno hilo, kushika, ndilo lililonishinda mwaka ule. Dawa ikiuma, imeshika. Ikichoma mpaka machozi, imeshika barabara. Isipouma haijashika, iongezwe. Hapakuwa na hali hata moja ambayo mtu angeambiwa aache. Nilimweleza Shangazi hivyo, kwa maneno makali zaidi ya haya.

"Huyo Mzungu aliyeandika yuwaogopa lawama," alisema, akimimina tui. "Dawa gani isiyouma? Hiyo si itakuwa uji."

"Kwetu tungemwosha kwa muarubaini," alisema Mama Kadzo. "Uchungu wake ukiingia, wallahi."

"Weye Mkristo waapa wallahi?"

"Nimekaa nanyi sana, dada. Na nazi zenu nakuna."

Wakacheka, na kwa kicheko hicho karatasi yangu ikafa. Muarubaini ukaongezwa. Nafikiri hilo ndilo lililoniumiza kuliko dhihaka za barazani: hawakunikataa, walinijumlisha. Kila aliyekuja na shauri alipewa nafasi, na hakuna shauri lililoondoa jingine. Asubuhi ganzi, adhuhuri maji ya muarubaini, alasiri mafuta ya karafuu aliyoleta mke wa imamu, na usiku, ili kuupoza moto wote huo, hina. Safari hii ilikuwa hina tupu ya majani, isiyo na unga mweusi, na Rukia alisema huo ndio wakati pekee anaopumua. Mimi nikaandama tyubu. Usiku nilimwambia aioshe kwa maji matupu mamake akilala. Mara aliosha, mara hakuosha. Alikuwa amechoka kusikia sauti ya kila mtu, yangu nayo ikiwemo. Nilitaka twende zahanati, Shangazi akasema bi harusi mtarajiwa hapangwi foleni na watu wa vidonda, habari zitavuka maji zifike Mtongwe kabla yetu. Siwezi kusema alikosea kuhusu habari. Zilivuka. Wakaja wanawake wawili wa upande wa Salim, eti wapo njiani tu, wakaomba maji, na Rukia akawapokea na leso imefunika mikono, akawapa glasi kwa ncha za vidole. Walipoondoka alilia, si kwa mwasho. "Wakimwambia?" aliniuliza. "Wakimwambia nina maradhi?"

Kisha duka likaishiwa. Meli haikuja au mzigo ulikwama, sijui. Bwana Omari aliapa kwamba kosa ni la wanasiasa. Pasipo tyubu, mikono ya Rukia ikaanza kukauka. Ngozi ikambuka kwa vipande kama vya kitunguu, chini yake ikatoka nyingine, nyekundu kwanza, kisha kahawia, kisha mikono yake ya zamani. Nilikuwa nimeshinda. Nilingoja mtu aseme. Shangazi aliishika ile mikono, akaigeuza juu na chini, uso wake umejaa shukrani, akasema, "Mwaona? Dawa imeshika. Ilichelewa tu."

Nilitoka nikazunguka nyumba. Nilimkuta Mama Kadzo akianika nguo. "Ni muarubaini uliomponya," aliniambia kwa sauti ya chini. "Lakini mwache mamake afurahi."

Harusi ilikuwa nzuri, nami sikuifurahia hata kidogo, kwa kuwa nilikuwa kijana na nilikuwa sahihi. Mpaka hina alikuja na bakuli lake na kile kiunga cheusi, na Rukia akalazwa juu ya mto, akapakwa maua kutoka kwenye vidole mpaka juu ya viwiko, na miguu, meusi kuliko ya Idi. Nilikuwepo. Nilishika taa ya chemli ili mpaka hina aone vizuri. Mwaka mzima nilikuwa nimeuliza kila kitu cha Wazungu kinachotoka dukani, unga wa maziwa, sabuni, tyubu, na pale nilishika taa bila swali hata moja, kwa sababu hina ilikuwa yetu.

Tulipovuka kwa feri kumpelekea chakula cha fungate, mimi na Shangazi, sinia limefungwa kitambaa, wali na kuku wa kupaka na kaimati, tulipokewa kwa adabu iliyozidi. Bi harusi amelala kidogo, walisema. Tukakalishwa ukumbini. Nyuma ya pazia sauti mbili za kike ziliongea bila kujua, au zikijua, kwamba masikio yetu ni mazima.

"Tangu siku ya pili. Mikono imetoka malengelenge."

"Upele?"

"Upele gani wenye maua? Yametoka kufuata hina, mstari kwa mstari. Mimi sijaona jambo kama hilo."

"Basi damu hazipatani. Ndoa nyingine hukataa. Damu ya mume na ya mke zikikataana, mwili husema."

Shangazi aliinua glasi ya sharubati akainywa yote bila kupumua. Nilipoingizwa chumbani Rukia alikuwa ameketi kitandani, mikono juu ya magoti, viganja juu, kama anayeomba. Niliona waliyoyasema. Kila jani na kila kikonyo kilikuwa kimeinuka kwa malengelenge, maua yale yale, sasa yamechorwa kwa maji na wekundu, na juu yake kung'aa kunakojulikana kwangu. Mezani kulikuwa na tyubu mpya.

"Nani kaileta hii?"

"Salim." Alilitamka jina lake kwa uangalifu, jina jipya mdomoni. "Ameitafuta mjini kutwa. Hunipaka mwenyewe, asubuhi na jioni. Pole pole."

"Rukia, inakuchoma."

"Najua."

"Ulipoiacha ulipona. Uliona kwa macho yako. Mwambie aache. Mwambie maji ya baridi tu, na akupeleke kwa daktari."

"Mamake amesema bi harusi hatoki kabla ya fungate."

"Basi angalau marhamu. Mwambie asipake."

Aligeukia ukuta. Ukutani kulikuwa na koti lake Salim limetundikwa, na kalamu mfukoni. "Nikimwambia asipake," alisema, "atanishika mkono kwa sababu gani?"

Walikuwa wageni wawili waliotakana kwa mbali, wenye haya, na dawa ile ilikuwa ndiyo ruhusa yao. Nilipokuwa natoka nilimwona Salim uani, mwembamba, amekaa juu ya kigoda, hajui aweke wapi mikono yake. Aliniamkia vizuri. Aliniuliza, "Naona inamchoma. Yaani imeshika?" Nilimwambia hapana, akome, tena nilimwambia kwa ukali, mbele ya mamake, msichana mdogo nikimfokea mume wa mtu katika nyumba yake. Mamake akasema, "Hawa ndio wanaosomeshwa." Salim akaangusha macho. Nilisikia baadaye kwamba jioni ile aliipaka dawa kwa wingi zaidi, kwa kuwa uso wa Rukia nao ulikuwa umeanza kuvimba pale alipojifuta machozi.

Alirudishwa Kisauni "akapumzike kwao". Hivyo ndivyo ilivyosemwa. Alipona, tena bila marhamu, kwa kuwa safari hii Rukia mwenyewe aliitupa tyubu chooni na kumwambia mamake asimguse. Lakini neno la damu lilikuwa limekwisha kutembea, na mamake Salim alilitembeza. Salim alikuja mara moja, akaketi barazani, akaongea na mjomba habari za bandari, akaondoka. Kisha akaja mzee wa kwao badala yake, ameleta talaka. Wakati bendera ilipopandishwa mimi nilikuwa Kampala, nikisoma katika barua ya Mama Kadzo, iliyoandikwa kwa mkono wa mwanawe wa skuli, kwamba watu wamecheza ngoma mpaka asubuhi na kwamba Rukia hakutoka nje, yuko katika eda.

Aliolewa tena, na mtu mzima wa Mikindani, mpole, akazaa naye na kumzika. Hakupakwa hina nyeusi kwa harusi ile. Haikuwa kwa kujua. Alisema mwanamke wa mume wa pili hapambwi sana. Kwa hivyo hakuna kilichotokea, na watu wakasema: mwaona, damu hizi zimepatana.

Haya yote nilikuwa nayo kichwani nikiketi naye Junda mwezi uliopita. Nilinyanyuka nikafungua pazia. Mchoraji, msichana mwenye vikorombwezo vya dhahabu masikioni, alikuwa na piko yake tayari, ule unga mweusi kwa jina la siku hizi, nyeusi tii, na mjukuu wa Rukia amenyoosha mkono.

"Mwanangu, hiyo ina nini?"

"Bibi, ni piko tu."

"Najua ni piko. Ina nini ndani?"

"Ina rangi, bibi." Wenzake wakacheka, kwa heshima, lakini wakacheka.

Sikuwa na nguvu za kwenda dukani siku tatu. Nilirudi nikamweleza Rukia, kwa mara ya kwanza, yaliyonipata mwaka juzi, nilipoamua kuficha mvi zangu: kichwa kilivyofura, kope zilivyofumba, na daktari wa ngozi wa Nairobi, binti mdogo wa umri wa wajukuu zetu, alivyonibandika viraka vya kupimia ngozi mgongoni na kuniuliza kama niliwahi kupakwa hina nyeusi ujanani. Rukia alisikiliza mpaka mwisho, mikono magotini, viganja juu.

"Kwa hivyo Salim hakujua," alisema.

"Hakujua."

"Na mimi ningemwambia aache, ningekuwa naye."

Nilisema sijui. Ni kweli sijui. Ua jeusi lilikuwa limekwisha kupakwa. Akajiinua kwa ukuta, akapita pazia, akaketi baina ya mjukuu wake na mchoraji, akanyoosha mikono yake mizee isiyo na alama yoyote akaiweka juu ya mkono wa bi harusi, akaufunika. "Huyu atapakwa hina ya majani," alisema. "Nyekundu. Asiyetaka na aende." Hakueleza kwa nini, na kwa kuwa hakueleza, walimtii.

Daktari alikuwa amenieleza hivi, akiandika huku hanitazami, jambo dogo la kila siku kwake: rangi nyeusi ya nywele na ile dawa ya ganzi iliyokuwa katika marhamu za zamani za kuwashwa ni ndugu wa ukoo mmoja, na ngozi iliyokwisha kumkataa mmoja itamkataa na mwenziwe, hata kama hawajawahi kukutana.